Safari Haikomi Mlangoni

Mara kwa mara twasoma habari za watu waliokwenda safari ndefu: jinsi walivyofunga mizigo, jinsi walivyoagana na jamaa zao, na mambo waliyoyaona huko walikokwenda. Lakini habari za kurudi huandikwa kwa mstari mmoja tu, kwamba walifika nyumbani salama, kisha msimulizi huweka kalamu yake chini. Sisi leo twataka kuanza pale wengine wanapokoma. Maana katika safari yetu ya siku 24, iliyotutoa Morogoro na kutufikisha kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, somo kubwa tulilolipata halikuwa kule majini. Tulilipata njiani tukirudi, na sehemu yake ya mwisho tuliipata mtaani kwetu, motokaa ikiwa imekwisha kuzimwa.

Tulikuwa watu watano: sisi wawili, yaani wazazi, na watoto wetu watatu. Kifungua mimba ni mvulana wa miaka 14, wa pili ni binti wa miaka 11, na kitinda mimba ana miaka 6. Bibi yao alibaki kulinda nyumba na kuku, kwa kuwa alisema magoti yake hayapatani na safari ya kukaa kitako. Motokaa ni yetu wenyewe, lakini nyumba tuliyolala njiani haikuwa yetu. Ilikuwa tela la kulala, mali ya mzee mmoja wa mtaani kwetu, mwalimu aliyestaafu, ambaye watoto humwita Babu ingawa si wa ukoo wetu.

Kwa wasiolijua, tela la namna hii ni sanduku kubwa la chuma juu ya magurudumu mawili, nalo hukokotwa nyuma ya motokaa. Likifunguliwa, hema la turubai huinuka juu yake, na ndani mna vitanda viwili. Nyuma hutoka droo yenye jiko la gesi, sufuria na vikombe, na ubavuni mna tangi la maji la lita 60. Hivyo jamaa nzima yaweza kulala, kupika na kuoga mahali popote palipo salama, bila kulipia vyumba vya hoteli ambavyo mwalimu hana fedha zake.

Siku ya kulichukua, Mzee hakutupa ufunguo upesi. Alimwita binti yetu, akampa daftari na kalamu ya wino, akamwambia aandike kila kitu kilichomo: vikombe sita vya bati, sufuria tatu, jeki moja, spana ya magurudumu, kamba nane za hema, zipu nne, nzima zote, magurudumu mawili, mazima. Kisha akatia sahihi yake chini, nasi tukatia yetu. Akamwita na mvulana wetu, akamshika mkono, akauweka juu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Akasema, "Ndani ya chuma hiki mna beringi zinazozunguka katika grisi. Grisi ikikauka, chuma husagana na chuma, na moto huzaliwa humo. Kila mnaposimama, weka mkono hapa. Ukiona vuguvugu, endeleeni. Ukiona huwezi kuuacha mkono, msiendelee hata hatua moja. Kazi hii ni yako, si ya baba yako." Mvulana akafurahi sana kwa kupewa kazi ya kiume. Nasi tukacheka kidogo kwa jinsi Mzee alivyo na taratibu nyingi, tukaenda zetu.

Tuliondoka mwanzo wa mwezi wa Juni, shule zilipofungwa. Njia ilipita Mikumi, Iringa, Makambako na Mbeya, hata Tunduma mpakani. Kisha katika nchi ya Zambia ikatupeleka Mpika, Kapiri Mposhi, Kabwe na Lusaka, na mwisho mji wa Livingstone. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 4,500. Toka Makambako tulionana mara kwa mara na reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kati ya miaka ya 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi. Watoto walishindana kuwa wa kwanza kuiona. Katika nchi ya Wabemba walijifunza kuamkia watu kwa neno "Mulishani," nao wanawake wauzao viazi kando ya njia wakafurahi, wakawaongezea viazi.

Mambo ya maporomoko hatutayaeleza kwa kirefu. Mto Zambezi huanguka hapo katika ufa wenye upana wa mita 1,708 na kina cha mita 108, na jina Mosi-oa-Tunya maana yake ni moshi ungurumao. Mwezi wa Juni mto ungali na maji mengi. Tulilowa kana kwamba tumenyeshewa na mvua ya masika, na kitinda mimba akaficha uso katika kanga ya mamaye, akauliza ni nani aliyesahau kuyafunga maji yale. Tulikaa siku nne, kisha tukageuza motokaa.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba kurudi si sawa na kwenda. Wakati wa kwenda kila mtu alitazama mbele, na kila kilima kilikuwa na ahadi. Wakati wa kurudi mmoja aliwaza ada za shule, mwingine aliwaza paa la jiko lililokuwa likivuja, na watoto walikuwa wamechoka kukaa bega kwa bega. Maneno yakawa machache, na yale yaliyotoka yalikuwa makali. Zaidi ya yote ikaingia haraka. Safari ya kwenda tulisimama kila penye mti mzuri. Safari ya kurudi tulikuwa tukihesabu kilomita.

Pamoja na haraka hiyo, mahali pamoja tulikubali kusimama. Tukiisha kupita Serenje tuliiacha njia kuu, tukaenda mahali panapoitwa Chitambo, ambapo Daktari Livingstone alifia mwezi wa Mei mwaka 1873. Pana nguzo ya ukumbusho, na moyo wake ulizikwa hapo chini ya mti wa mpundu. Walimu wengi wajua kwamba watumishi wake, Susi na Chuma, waliukausha mwili juani siku 14, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti, wakauchukua mabegani hata Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500, wakafika mwezi wa Februari mwaka 1874. Lakini liko jambo dogo ambalo si wengi walitajao. Kabla ya lolote, Susi na Chuma waliwaita wenzao wote, wakafungua masanduku ya marehemu mbele ya macho ya watu wote, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaandika orodha ya vilivyomo, ili baadaye mtu yeyote asije akashtakiwa kwa kitu kilichopotea. Njiani, huko Unyanyembe, walikutana na Waingereza waliowashauri kuuzika mwili pale pale. Wakakataa. Vyombo kadhaa vya kupimia walichukuliwa huko bila ya kupenda. Lakini mwili, na vitabu alivyoviandika marehemu kwa mkono wake, walivifikisha pwani.

Binti yetu alisikiliza habari hizo kwa makini, akalitoa lile daftari la tela mfukoni mwake, akalitazama, akalirudisha. Hakusema neno, wala sisi hatukumwuliza.

Tulilala Mpika, kisha Nakonde tukavuka mpaka. Saa ya Zambia iko nyuma ya saa yetu kwa saa moja. Tulipokwenda tulikuwa tumeirudisha saa yetu nyuma, tukawa kama tuliopewa saa nzima ya bure. Sasa, tulipoingia Tunduma, tukalazimika kuisogeza mbele, na ile saa ikatutoka. Mvulana wetu akasema, "Basi haikuwa zawadi. Ilikuwa ya kuazima." Tukacheka sote, na kicheko kile kilikuwa cha mwisho kwa siku mbili.

Kesho yake tulitoka Mbeya asubuhi. Tulikusudia kufika Iringa kabla ya magharibi, maana zilibaki siku tatu tu shule zifunguliwe. Mafinga tulisimama kutia petroli na kununua mahindi ya kuchemsha. Wasomaji wakaao nyanda za juu wajua baridi ya Mafinga mwisho wa Juni, jinsi upepo utokao katika misonobari ya Sao Hill unavyopenya nguo. Mvulana wetu alishuka, akasimama kando ya gurudumu na mikono yake mfukoni. Nasi tulikuwa tukiita, "Ingieni, ingieni, jua linatuacha!" Akaingia. Tukaondoka.

Tulipokwenda kama kilomita 30, dereva wa lori lililotukabili alituwashia taa mara tatu. Hatukumwelewa. Kisha lori jingine lililokuwa nyuma yetu likapiga honi bila kukoma, na utingo akatoa mkono dirishani akionyesha kidole chini. Tukasimama. Moshi ulikuwa ukitoka katika gurudumu la kushoto la tela, na harufu yake ilikuwa ya chuma kilichoungua. Mmoja wetu alikimbilia dumu la maji, lakini dereva wa lori akapaza sauti, "Msimwage maji! Chuma cha moto kikimwagiwa maji hupasuka. Acheni kipoe chenyewe." Alikuwa mtu wa umri wetu, hatukupata kumwona kabla wala baada ya siku ile. Yeye na utingo wake walikata matawi, wakayatandaza barabarani nyuma yetu na mbele yetu ili wenye motokaa wapate kuonywa, wakakaa nasi hata fundi alipokuja kutoka Iringa kwa pikipiki, jua likiwa limekwisha kuchwa. Tulitaka kuwapa kitu. Dereva akasema, "Mkikuta mtu njiani, simameni." Wakaenda zao.

Fundi alifanya kazi kwa mwanga wa tochi. Beringi ilikuwa imeganda juu ya ncha ya ekseli, hata akaikata kwa patasi. Akatia mpya, akapaka grisi, akafunga nati. Kisha akatuonyesha kwa kidole mahali ambapo chuma cha ekseli kilikuwa kimelika na kugeuka rangi ya samawati kwa moto. Akasema, "Itawafikisha nyumbani mkienda polepole, msizidi kilomita 50 kwa saa. Lakini kwa safari ndefu ekseli hii haifai tena." Akafunga kifuniko, akakifuta kwa kitambaa, akaongeza, "Kwa nje hapana atakayejua." Hakusema hivyo kwa ubaya. Alikuwa anaisifu kazi yake tu. Lakini neno lile liliingia katika motokaa pamoja nasi.

Usiku ule tulilala nje ya mji wa Iringa. Watoto walipolala, sisi wawili tulikaa kando ya jiko la gesi. Mmoja wetu akasema, "Beringi ile ilikuwa kuukuu. Mzee alituazima kuukuu, nasi tunamrudishia mpya. Je, si tumemzidishia?" Mwingine akanyamaza. Twapenda kuwaambia wasomaji ukweli: hakunyamaza kwa sababu ya wema. Alinyamaza kwa sababu alikuwa akihesabu. Ekseli mpya na kazi ya fundi vilikaribia ada ya muhula mzima. Tukazima jiko, tukaenda kulala, na jambo hilo halikukatwa.

Asubuhi, tulipokuwa tukiukaribia mteremko wa Kitonga, binti yetu alifungua daftari. Akauliza, "Mama, hapa palipoandikwa 'magurudumu mawili, mazima,' niandike nini?"

Pakawa kimya. Mwisho mmoja wetu akajibu, "Andika kwa penseli kwanza."

Mtoto akasema, "Lakini Mzee aliandikisha kwa wino."

Hapana aliyemjibu. Wakati huo huo barabara ikaanza kushuka. Waliopita Kitonga wanajua kona zake, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Mwenye kukokota tela hapo hushuka kwa gia ndogo, kama ile ambayo angepandia, wala hakanyagi breki mfululizo, kwa kuwa breki zikipata moto hukataa kazi. Tela huisukuma motokaa kutoka nyuma kama ng'ombe anayetaka kumpita mchungaji wake. Kila kona tulihisi msukumo ule, tukawaza juu ya ile ncha ya chuma kilicholika, isiyozidi unene wa mpini wa jembe, ambayo juu yake lilisimama gurudumu. Tulisimama mara tatu kabla ya kufika chini. Mvulana wetu hakungoja kuambiwa. Kila mara alishuka wa kwanza, akaweka mkono juu ya habu, akarudi akisema, "Vuguvugu."

Tulipofika Ruaha Mbuyuni, kati ya mibuyu, tulinunua vitunguu, kamba moja ya nyumbani na kamba moja ya Mzee. Mkono uliopokea kamba ya pili ulikuwa mzito. Vitunguu ni zawadi. Lakini mtu ampelekeaye mwenzake zawadi huku akimficha hasara, zawadi hiyo ni pazia. Ndipo yule aliyesema habari ya penseli alipogeuka nyuma akamwambia binti, "Andika kwa wino. Gurudumu la kushoto liliungua karibu na Iringa. Beringi mpya. Ekseli imelika, haifai safari ndefu. Sababu: hatukuigusa Mafinga."

Kutoka hapo motokaa ilikwenda polepole kama kwanza, lakini watu waliokuwa ndani yake walianza kuzungumza tena. Barabara hupita ndani ya mbuga ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na mna vibao vyenye bei ya faini ya kila mnyama, ili mwenye kumgonga ajue atakalolipa. Siku ya kwenda tulipita kwa haraka, tukaona swala na nyani tu. Siku hiyo mwendo wetu wa kinyonge ulituonyesha twiga saba, kundi la nyati, na tembo mmoja na mwanawe waliosimama kando kabisa ya njia. Kitinda mimba alisema afadhali gurudumu liungue kila siku. Tukamwomba asilirudie neno hilo mbele ya Mzee.

Milima ya Uluguru ilipoonekana, watoto walipiga vigelegele. Tuliingia uani jua likizama. Bibi yao alitoka na taa, hakutusalimu kwanza, bali alituhesabu kwa kidole: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Alipomaliza ndipo alipopokea shikamoo zetu. Tukala ugali na mchicha, chakula ambacho hatukukionea hamu tulipoondoka, na usiku ule hapakuwa na karamu iliyokipita. Lakini kitinda mimba hakupata usingizi. Alilia kwamba kuta hazisemi. Alikuwa amekwisha kuzoea sauti ya turubai likipigwa na upepo. Bibi yake akamlaza ubavuni pake, akamsimulia habari za kuku wote, mmoja mmoja, hata akalala.

Kesho yake hatukupumzika. Twataka jamaa zinazofikiria safari za namna hii zijue kwamba kazi ya siku ya kwanza nyumbani ni kubwa kama kazi ya siku ya kuondoka. Hema halifai kukunjwa likiwa na umande, maana turubai lililofungwa na unyevu huota ukungu mweusi usiotoka. Basi tulilitandaza juani tangu asubuhi hata alasiri. Tangi la maji lilimwagwa, likasuuzwa, likaachwa wazi likauke. Mpira wa gesi ulifunguliwa. Droo ilitolewa nje, ikapigwa brashi, kwa kuwa chembe za unga huita panya na mende. Magodoro yalianikwa. Tope la nchi mbili lilioshwa chini ya tela. Binti yetu alikaa juu ya kigoda na daftari lake, akiita jina la kila kitu, na kila mtu akajibu, "Kipo." Vikombe vilikuwa vitano, cha sita tulikiacha Kabwe chini ya mti. Zipu moja ilikuwa imekatika meno. Yote yakaandikwa.

Alasiri tulilikokota tela mpaka kwa Mzee, sote watano, kwa kuwa tuliona si haki watoto waone twaenda kuchukua kwa furaha na wasione twaenda kurudisha kwa aibu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmerudi nyote?"

"Nyote, Mzee. Lakini tela halikurudi zima."

Mzee akanyosha mkono, akapokea daftari. Alivaa miwani, akasoma ukurasa mzima bila kuinua macho. Kisha akavua kanzu, akatandika gunia, akalala chali chini ya tela, ingawa umri wake umepita miaka 70. Tulisikia kifuniko kikifunguliwa. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka hakututazama sisi, alimtazama mvulana.

"Mafinga, mkono wako ulikuwa wapi?"

"Mfukoni, Babu. Kulikuwa na baridi."

Hapo ilitupasa kusema, nasi tukasema, "Mzee, kosa ni letu. Sisi ndio tuliomwita aingie upesi. Alifanya tulivyomwambia."

Mzee akanyamaza tena. Kisha akasema, "Shemeji yangu angelichukua tela hili Jumamosi kwenda Songea, na watoto wanne. Nimekwisha kumwahidi." Hakuongeza neno. Hakuwa na haja ya kuongeza. Sisi wawili tulitazamana, na kila mmoja akajua mwenzake alikuwa amerudi wapi kwa mawazo: pale kando ya jiko, usiku wa Iringa, na lile neno la fundi, kwamba kwa nje hapana atakayejua.

Twataka wasomaji wasidhani kwamba Mzee alitukumbatia na mambo yakaisha. Alikasirika, naye alikuwa na haki. Safari ya shemeji yake iliahirishwa siku kumi, na watu wa Songea walingoja. Ekseli ilinunuliwa, sisi tulilipa kwa miezi mitatu, na katika miezi hiyo nyama ilikuwa mgeni mezani kwetu. Kikombe cha bati tulinunua kingine, lakini hakifanani na vile vitano, na kila tunapokwenda kumwamkia Mzee twakiona juu ya rafu, kikituambia habari zake.

Tumewaza sana tangu siku ile, na tulilolipata ni hili. Wengi wetu twadhani safari hukoma mtu anapokanyaga kizingiti cha mlango wake. Kumbe anayeondoka nyumbani hubeba amana nyingi: roho za watoto wake, kazi aliyomwachia mwenzake, nyumba aliyomwachia mama yake, na kila kitu alichoazima. Safari hukoma amana ya mwisho inaporudi mkononi mwa mwenyewe, pamoja na maneno ya kweli juu ya hali yake. Tena hatari kubwa ya amana haiko mbali, mahali pageni, ambapo kila mtu yu macho. Iko karibu na nyumbani, ambapo mtu amechoka, anaijua njia, na anasikia harufu ya jiko lake. Gurudumu letu lilizunguka katika nchi ya watu zaidi ya kilomita 3,000 bila neno, kwa sababu mkono wa mtoto uliligusa kila tuliposimama. Liliungua mahali pa kwanza tuliposema, "Tumekaribia, twende tu."

Kwa hiyo twawashauri wazazi: mkisafiri na watoto, msiwape viti vya kukaa tu, wapeni na kazi, nayo iwe kazi ya kweli. Mkisha kuwapa, msiwaondoe katika kazi hiyo kwa sababu ya haraka yenu. Na kitu cha kuazima kiandikeni mnapokipokea, mbele ya mwenyewe. Haidhuru mnaonekana watu wa taratibu nyingi. Kwa walimu twasema: shule zinapofunguliwa, msiwaulize watoto tu waliona nini huko walikokwenda. Waulizeni pia walirudi na nini, na walirudisha nini. Mtapata majibu ambayo hayamo vitabuni.

Bibi yao aliposikia habari zote alitikisa kichwa, akasema kwamba mficha maradhi kifo humwumbua, akaenda kufunga kuku.

Wiki iliyopita Mzee alipita kwetu jioni, akakaa barazani, akanywa chai. Alipokuwa akiondoka alimwita binti yetu, akamrudishia lile daftari. Kurasa zilizobaki ni nyingi. Akamwambia, "Kaa nalo. Mwakani mkitaka kwenda tena, njoo nalo, tuanze ukurasa mpya." Kisha akamtazama mvulana, akamwambia, "Nawe uje na mikono yote miwili."